Kiromania au Kiajemi? Ulinganisho kwa uliyekwama katikati

Kuna mtu kapata nafasi ya kusoma Cluj kule Romania huku moyo wake uko kwenye mashairi ya Shiraz ya Iran. Kuna mwingine anaishi Italia, jirani zake nusu ni Waromania, halafu anaowa familia ya Kiirani ya pale Dubai. Na kuna wale wasio na sababu yoyote, wanapenda tu lugha na wanataka moja ambayo mtaani kwao hakuna anayeijua. Wote swali lao ni hilohilo, nianze na ipi, na kila wakiuliza onlaini wanajibiwa na mtu aliyekulia kwenye Kiingereza anayewaambia Kiromania rahisi, Kiajemi kigumu, kwisha habari.

Sasa hilo jibu ni la kwake yeye bana. Hata taasisi ya Marekani inayofundisha lugha wanadiplomasia wao imeziweka hivyo, Kiromania kundi moja na Kiitaliano na Kihispania, yaani miezi kama sita hivi ya kusoma kutwa, Kiajemi wiki kama 44, na katikati yao unajua nani yupo? Kiswahili, wiki kama 36. Maana yake kwa Mmarekani, lugha unayoongea wewe na bibi yako ni ngumu kuliko Kiromania. Kwa hiyo hiyo mizani haikuhusu, wewe kichwani una vitu ambavyo yeye hana na vinabadilisha hesabu yote.

Nitalinganisha kwa mambo matano: sarufi, maandishi na matamshi, maneno unayoyapata bure, adabu za kuongea, na mwisho inakupeleka wapi, yaani masomo, kazi, safari. Kila jambo nitaziangalia zote mbili. Kiajemi ndiyo hichohicho wengi wanaita Kifarsi, na maneno yake nayaandika kwa herufi zetu kadiri yanavyosikika Tehran, usije ukanidai nukta.

Kwanza udugu wao

Hizi lugha ni ndugu wa mbali. Zote zinatoka ukoo wa lugha za Kihindi-Kiulaya, Kiromania kimekaa tawi la Kilatini pamoja na Kiitaliano na Kifaransa, Kiajemi kimekaa tawi la Iran pamoja na Kikurdi na Kipashto. Walitengana maelfu ya miaka iliyopita lakini sura ya ukoo haijafutika. Wewe ni "tu" kwa Mromania, "to" kwa Mwirani. Nini ni "ce", inatamkwa che, na kwa Kiajemi ni "che" vilevile. Jina ni "nume" na "nam", jino ni "dinte" na "dandan", sita ni "șase" na "shesh", aliyekufa ni "mort" na kwa Kiajemi "mord" ni alikufa. Mpya ni "nou" kwa Kiromania, na kwa Kiajemi ni ileile now ya kwenye Nowruz, siku mpya, ambayo Wazanzibari wanaijua kwa jina la Nairuzi maana ndiyo kalenda ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi.

Watu wakiona orodha kama hiyo wanaanza nadharia zao, mara Waromania wametoka Uajemi, mara kuna siri imefichwa. Hakuna siri. Ni babu mmoja wa zamani sana, halafu baadaye wakakutana tena kupitia majirani, hilo nitalifikia kwenye maneno.

Na historia zao pia zimefanana kwa namna fulani. Waarabu walipoiteka Uajemi karne ya 7 lugha ikapokea dini, herufi na maneno kibao lakini haikufa. Kiromania nacho kimezungukwa na Waslavi na Wahungaria pande zote, kikala maneno yao mpaka ndiyo yao ni "da" na kupenda kwao ni "a iubi", vyote vya Kislavi, ila mifupa imebaki ya Kilatini. Hata maandishi walipishana njia moja: Kiromania kiliandikwa kwa herufi za Kisirili, zile za Kirusi, mpaka miaka ya 1860, na kule Moldova ya Kisovieti mpaka 1989, huku ndugu zao Waajemi wa Tajikistan wakilazimishwa herufi hizohizo mwishoni mwa miaka ya 1930 na wako nazo mpaka leo.

Sarufi

Hapa ndipo Mswahili anapocheka peke yake. Chukua sentensi "nataka niende". Mwingereza, Mfaransa, Mhispania wote wanasema nataka kwenda. Mromania anasema "vreau să merg", Mwirani anasema "mikham beram", na zote mbili ukizifungua ni nataka-niende, kitenzi cha pili kinabeba mwenyewe na kinakaa kwenye hali ya kutaka, sawasawa na sisi. Mwanafunzi wa Kiingereza anatoa jasho hapa wiki nzima, wewe unapita tu.

Halafu wakati ujao. Sisi "-ta-" yetu wataalamu wanasema imetokana na "taka". Kiromania cha kuandika wanasema "voi merge", na hiyo "voi" asili yake ni kutaka. Kiajemi rasmi "khaham raft", na "khaham" ni kutaka vilevile. Lugha tatu, mabara matatu, wote wameamua kwamba kesho ni kitu unachokitaka.

Lingine ni la mtendwa. Sisi hatusemi "nimeona Maria", tunasema "nimemwona Maria", hiyo -m- lazima kama ni mtu. Kiromania hivyohivyo: "am văzut-o pe Maria", hiyo "o" ndiyo -m- yetu, na juu yake wanaongeza "pe" kuonyesha kwamba anayeonwa ni mtu. Kwa nyumba hawahangaiki, "am văzut casa" inatosha. Kiajemi kinakamata upande mwingine wa sheria yetu, ule wa "nimeona nyumba" na "nimeiona nyumba": kitu kikijulikana ni kipi wanakibandika "ro" au "o" nyuma, "khune-ro didam", nimeiona ile nyumba, "ye khune didam", nimeona nyumba fulani. Yaani sheria yetu moja ya kiambishi wao wamegawana nusu kwa nusu.

Sasa gharama zake.

Kiromania kinakudai jinsia. Kila nomino ni ya kiume, ya kike, au ile ya tatu ambayo umoja inajifanya mwanaume na wingi inageuka mwanamke. Kiti ni "scaun frumos", viti ni "scaune frumoase". Kwa mtu aliyezoea "kiti kizuri, viti vizuri" wala si ajabu, sisi ngeli tunazo zaidi ya hizo, upatanisho uko damuni. Kinachoudhi ni kwamba huwezi kubahatisha wingi: treni ni "trenuri", kiti ni "scaune", mtu "om" anakuwa "oameni", na meza "masă" inakuwa "mese", vokali inabadilika katikati ya neno bila kukuaga. Vitenzi pia, "văd, vezi, vede", naona unaona anaona. Na ile kusema kitu kinachojulikana wanakiunga mwishoni, "băiat" mvulana, "băiatul" yule mvulana, halafu ukitaka "cha yule mvulana" inakuwa "băiatului". Inachukua muda. Ila kuna kitu kimoja kitakufurahisha, wana kale kaneno ka "a" kanakopatana na kitu kinachomilikiwa, "o carte a profesorului", kitabu cha mwalimu, na kikiwa kitu cha kiume inakuwa "al". Cha, la, wa, unaelewa.

Kiajemi hakina jinsia hata chembe. "U" ni yeye, mwanamume au mwanamke, basi. Kivumishi hakibadiliki milele: "ketab-e khub" kitabu kizuri, "ketabha-ye khub" vitabu vizuri, na ukihesabu hata wingi unatupa, "do ketab". Hiyo "-e" ya katikati inafanya kazi zote, kitabu changu "ketab-e man", kitabu cha Ali "ketab-e Ali", kama vile cha, la, ya, wa, vya vyote vimepigwa mashine vikatoka kitu kimoja. Na vitenzi vyake vinaunganishwa kama vyetu, "nemibinamet" ni neno moja, ne ya kukanusha, mi ya wakati, bin ya kuona, am ya mimi, et ya wewe. Sikuoni. Mtu wa Ulaya akiiona anashika kichwa, wewe unasema ahaa, wameiweka tu mimi nyuma. Gharama yake ni mbili: kila kitenzi kina mizizi miwili, ya sasa na ya zamani, na mara nyingi haifanani, "bin" na "did" zote ni kuona, na pili kitenzi kinakaa mwisho wa sentensi. "Man diruz ketabo kharidam", mimi jana kitabu nilinunua. Kwenye sentensi fupi poa, kwenye gazeti unasubiri kitenzi mpaka usingizi unakuchukua. Kiromania mpangilio wake ni kama wetu tu.

Mimi kwenye sarufi peke yake naona Kiajemi kina unafuu kwa Mswahili, na nasema hivyo nikijua kabisa kwamba vitabu vyote vya Kizungu vinasema kinyume.

Maandishi na matamshi

Na hapa meza inageuka. Kiromania kinaandikwa kwa herufi unazozijua, 31, pamoja na ă, â, î, ș, ț. Kinasomeka karibu kama kilivyoandikwa, ukishajua kwamba c mbele ya e na i ni ch, na "che" ya kuandikwa inasomwa ke, kinyume na sisi kabisa. Wiki moja unasoma mabango ya barabarani kwa sauti.

Shida iko mdomoni. Hizo ă na â hatuna, ya kwanza ni sauti ya mtu aliyechoka, ya pili unavuta ulimi nyuma huku meno yamekaribiana, halafu wanarundika konsonanti, kumi na nane ni "optsprezece" na ukiisema "opitisiperezeche" utaeleweka ila watatabasamu. Mkazo hauna mahali maalum na hauandikwi. Na kuna ile i ya mwisho wa neno, "lupi", mbwa mwitu wengi, haisemwi bali inanong'onwa, na ndiyo inayotofautisha wingi na umoja. Ndugu yangu, hapo utakaa.

Kiajemi kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu 28 ukaongeza nne zao, pe, che, zhe na gaf, jumla 32. Kama ulisoma chuo cha Kurani ukamaliza juzuu, safari yako ya maandishi imefika zaidi ya nusu kabla hujaanza, kilichobaki ni kuzoea kwamba dhadi, dha, dhali na ze kwao zote ni z tupu, na sadi, sini na the zote ni s. Kusoma ni rahisi kiasi hicho, kuandika ndiyo utabahatisha z ipi ni ipi. Kama hukusoma chuo basi hesabu wiki kadhaa za kuhangaika na herufi zinazobadilika umbo kila zikihama.

Na uwe umesoma chuo au hukusoma, kuna tatizo la irabu fupi kutoandikwa. Herufi za k-r-m zinaweza kuwa "kerm" mdudu, "karam" ukarimu, au "kerem" ile krimu ya kupaka. Unajua kwa maana ya sentensi. Matamshi yenyewe lakini ni mepesi kwetu, kh kama ya kheri, gh kama ya ghali, watu wa pwani wako nyumbani kabisa. Kinachosumbua baadaye ni kwamba kinachoandikwa na kinachosemwa vimeachana: kitabuni "mikhaham beravam", mtaani "mikham beram", kitabuni mkate ni "nan", mtaani "nun", hata Tehran wenyewe wanaita Tehrun. Ni kama kujifunza lugha moja na nusu. Kiromania cha kuandika na cha kusema viko karibu sana, hapo kinashinda bila ubishi.

Maneno ya bure

Kiajemi kwanza maana orodha ni ndefu mpaka aibu. Kuna maneno tuliyochukua kwao moja kwa moja au kupitia mabaharia: bandari ni "bandar", nahodha "nakhoda", rangi "rang", pamba "panbe", bustani "bustan", karakana "karkhane" ambayo kwao leo ni kiwanda, darubini "durbin" ambayo kwao leo ni kamera. Halafu kuna yale ambayo sisi na wao tulikopa kwa Mwarabu mmoja: ketab, qalam, saat, vaqt, donya, hesab, adab, aql, moallem. Na vitenzi ndiyo raha zaidi kwa sababu Kiajemi kinachukua nomino kinaongeza "kardan", kufanya: "fekr kardan" kufikiri, "safar kardan" kusafiri, "sabr kardan" kusubiri. Ukijua kunyambua "kardan" tayari una vitenzi kibao bila kusoma. Mitego ipo, "tajer" ni mfanyabiashara hata kama amefilisika, na "riyazi" ni hesabu za darasani, siyo riadha.

Kiromania je? Watu wanadhani hapo Mswahili hana kitu, kumbe. Wilaya za Waromania zilikuwa chini ya kivuli cha Waturuki wa Osmania mpaka uhuru ulipotambuliwa 1878, na Kituruki kile kilikuwa kimejaa Kiarabu na Kiajemi. Matokeo yake ni haya.

Mromania akikosa jibu anasema "habar n-am". Mwirani anasema "khabar nadaram". Sisi tunasema sina habari. Neno lilelile, muundo uleule. Kiajemi na Kiromania walipokezana kupitia Istanbul, sisi lilikuja na majahazi, na wote tumelitumia kukana kwamba tunajua kitu.

Kuna "belea", ambayo ni balaa, Kiajemi "bala". Kuna "musafir", kwa Mromania ni mgeni aliyekuja kukutembelea nyumbani, kwa Kiajemi "mosafer" ni msafiri kama kwetu. "Hal" ni hali lakini mbaya, wanasema "în ce hal ești", yaani angalia ulivyo. "Tabiet" ni tabia ile ya starehe kama ya kahawa ya asubuhi. "Fudul" ni mwenye majivuno, Kiajemi "fozul" ni mdakuzi, Kiswahili fedhuli, kila mmoja kamtukana mtu yuleyule kwa kosa tofauti. "Chibrit" ni kibiriti, Kiajemi "kebrit". "Pilaf" ni pilau. "Dușman" ni adui, Kiajemi "doshman", "perdea" ni pazia, Kiajemi "parde", "ciorap" ni soksi, Kiajemi "jurab". Na uwe makini na "rahat": Kiajemi ni kustarehe, raha yetu hasa, kwa Mromania ni ile haluwa laini ya Kituruki, na pia ni neno la chooni, kwa hiyo usimwambie mama mkwe kwamba chakula chake ni rahat.

Halafu juu ya tabaka hilo kuna lingine ambalo wote wawili wamelitoa Ufaransa, kwenye karne ya 19 na ya 20 walipokuwa wanaiga Paris. Bucharest wanasema "mersi", Tehran wanasema "mersi". Zawadi ni "cadou" na "kado". Bafu la mvua ni "duș" na "dush". Kivuli cha taa ni "abajur" na "abazhur". Tiketi ni "bilet" na "belit". Kama wewe ni wa Bukavu, Goma au Bujumbura na Kifaransa unacho, hili tabaka ni mali yako kwa lugha zote mbili, ila kwa Kiromania faida yako ni kubwa zaidi maana karne ya 19 Waromania waliamua kwa makusudi kurudi kwenye Ulatini wakachota maneno ya Kifaransa na Kiitaliano kwa ndoo. Gazeti la Kiromania mtu wa Kifaransa analielewa kwa kubahatisha. Wairani walifanya kinyume kidogo, waliunda chuo chao cha lugha 1935 kutafuta maneno ya Kiajemi badala ya ya kigeni, mengine yakashika, mengine watu wakaendelea na mersi yao.

Kwa ujumla wa maneno: Mswahili asiye na Kifaransa anafaidi zaidi Kiajemi, mwenye Kifaransa inakuwa sare, na mwenye Kifaransa ambaye Kiswahili chake kina maneno machache ya Kiarabu pengine Kiromania kinamfaa zaidi.

Adabu za kuongea

Wote wanatumia wingi kwa heshima, Kiajemi "shoma", Kiromania "dumneavoastră", neno refu kama sentensi, na katikati wana "dumneata" ya kumheshimu mtu kidogo tu, mfano jirani mzee uliyemzoea. Sisi heshima tunaiweka kwenye shikamoo, na Waromania wana kitu kinachokaribia, "săru' mâna", nabusu mkono, watoto wanawaambia wakubwa na wanaume wanawaambia akina mama. Inaishia hapo, baada ya salamu Mromania anaenda kwenye hoja.

Mwirani haendi kwenye hoja. Kuna mfumo mzima unaitwa taarof. Unamuuliza dereva shilingi ngapi anakwambia "ghabel nadare", haina thamani, na ukiamini ukashuka umefanya kosa, inabidi usisitize mpaka ataje bei. Mswahili anaielewa haraka, ni kama ile mtu anakula anakwambia karibu, unamjibu starehe, wote mnajua hukaribii. Wana pia "khaste nabashi", usichoke, wanamwambia mtu anayefanya kazi, yaani pole na kazi ndiyo hiyo. Na asante yao mojawapo ni "dastet dard nakone", mkono wako usiume. Kwa sisi tuliolelewa kwenye salamu ndefu Kiajemi kinakaa vizuri, kwa mtu asiyependa mizunguko Kiromania kitampumzisha.

Inakupeleka wapi

Kiromania kina wasemaji zaidi ya milioni 20, wengi Romania, wengine Moldova ambako mwaka 2023 sheria iliacha kuiita lugha yao Kimoldova ikaiita Kiromania, halafu diaspora kubwa sana, Italia peke yake Waromania ni kundi kubwa kuliko wageni wote, na wamejaa Hispania, Ujerumani, Uingereza. Romania iko Umoja wa Ulaya tangu 2007 na Schengen kamili tangu Januari 2025. Wanafunzi kutoka Afrika wamesoma kule tangu enzi za ujamaa, na utaratibu ni uleule, ukichagua masomo ya Kiromania unapewa kwanza mwaka wa maandalizi wa lugha. Udaktari upo pia wa kufundishwa kwa Kiingereza na Kifaransa, lakini ukienda wodini mgonjwa ni bibi wa kijijini, Kiingereza hana. Na ukishakuwa na Kiromania, Kiitaliano kiko mlango wa pili.

Kiajemi kina wasemaji zaidi ya milioni 70 ukijumlisha Iran, Afghanistan wanakokiita Dari na Tajikistan. Kivitendo ni kigumu zaidi kukitumia kwa sasa: Iran ina vikwazo, kadi za benki za kimataifa hazifanyi kazi kule, unatembea na pesa taslimu, na Afghanistan tangu Agosti 2021 siyo mahali pa kwenda kufanya mazoezi ya lugha. Ila Waajemi wako nje kibao, Dubai, Bahrain, Kuwait, Los Angeles, Hamburg, London, kwa hiyo Mswahili wa Ghuba atakuta wa kuongea nao sokoni kesho asubuhi. Wanaokwenda mji wa Qom kule Iran kwa masomo ya dini huanza na Kiajemi kwanza. Na kwa anayependa fasihi sidhani kuna mjadala mrefu: Mwirani wa kawaida anasoma washairi kama Saadi wa karne ya 13 na Hafez wa karne ya 14 bila kamusi nzito na anawatia kwenye mazungumzo ya kila siku, wakati maandishi ya zamani kabisa ya Kiromania tuliyonayo ni barua ya mfanyabiashara wa Câmpulung ya 1521. Fasihi ya Kiromania ni nzuri, ni changa tu.

Vifaa vya kujifunzia vya Kiswahili kwa lugha hizi mimi sijaviona, utapitia Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu. Kiromania kipo hadi Duolingo. Kiajemi kina podikasti na video nyingi sana, ila hakikisha mwanzoni unajua kama wanakufundisha cha kitabuni au cha mtaani, maana wengi wanachanganya bila kukwambia.

Sasa wewe ni yupi

Una barua ya chuo cha Romania mkononi, au unaishi Roma, Torino, Madrid na kazini Waromania ni wengi: chukua Kiromania, na miezi ya mwanzo tumia kwenye wingi wa nomino na zile ă na â, sarufi nyingine itakufuata yenyewe.

Uko Muscat, Dubai au Kuwait, au umepita chuo na herufi za Kiarabu unazisoma bila kukwama: Kiajemi, na anza na cha mtaani halafu cha kitabuni, siyo kinyume, kwa sababu maneno ya kitabuni mengi unayo tayari.

Unatoka upande wa Kongo, Burundi au Rwanda na Kifaransa chako kiko vizuri, na unataka matokeo ya haraka: Kiromania utakuwa unaelewa habari za redio mapema kuliko unavyotegemea. Ukitaka kitu cha kukutoa ulikozoea, Kiajemi, na Kifaransa bado kitakusaidia kwenye vitu vya dukani.

Unataka mashairi, au unafuatilia historia ya Washirazi na pwani: Kiajemi, ingawa ujue kwamba kwa hiyo historia utahitaji na Kiarabu juu yake.

Unasumbuliwa na kusoma, macho yanachoka haraka na maandishi mapya: Kiromania. Unasumbuliwa na kukariri maumbo, jinsia na wingi usio na kanuni: Kiajemi.

Na wale wanaosema wanataka zote mbili, inawezekana, ila usizianze mwaka mmoja. "Ce" na "che", "tu" na "to", "nu" na "na" za kukataa zitakuingiliana mpaka umjibu Mwirani kwa Kiromania. Shika ya kwanza mpaka uweze kubishana bei kwa hiyo lugha, ndipo ufungue ya pili, na ukiifungua anza na yale maneno ya Kituruki na ya Kifaransa kwa sababu hayo utayakuta yanakusubiri.